UZI: Siku moja kwenye mfereji wa Waingereza, upepo umechachamaa, baba mkwe kakaa kimya

Mkwe_wa_Nahodha

Habari za humu wakuu. Hii ya Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeamua nife nayo, ila mke wangu kashaimwaga kwenye kundi la familia. Ngoja na mimi nitoe ya kwangu kabla haijafika Tanga imeota mikia.

Naishi Coventry, katikati ya Uingereza. Baba mkwe yuko kwetu tangu mwezi wa tatu, katutembelea. Mzee huyu ujana wake wote ulikuwa kwenye mashua, Pangani na Unguja, kwa tanga kwanza, mashine imekuja baadaye. Sasa mtu wa namna hiyo unampeleka wapi? Madukani kachoka. Makumbusho kasinzia. Nikasema nimtafutie chombo na maji.

Huku kuna mifereji iliyochimbwa miaka zaidi ya 200 iliyopita kubebea makaa ya mawe, boti zikivutwa na farasi anayetembea kando. Biashara ilikufa, mifereji ikabaki, na leo watu wanaikodia boti za kutembelea. Boti zenyewe ni nyembamba kama behewa: upana mita 2 na ushee, maana malango ya maji (yale ya kupandishia na kushushia boti penye mwinuko) ya mifereji mingi ya huku yalijengwa kwa futi 7 na hakuna aliyeyapanua. Urefu zipo hadi futi 70 na kitu. Yetu ilikuwa ndogo, futi 40, ya kukodi siku moja. Leseni huulizwi. Unaonyeshwa gia, unaonyeshwa kana, yaani mkono wa usukani, unapewa koti la kuokolea, haya nenda.

Tulianzia Braunston, kijiji chenye mnara wa kanisa unaouona toka mbali. Mpango ni kwenda hadi karibu na Napton, kugeuza, kurudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwenda ni kama kilomita 11, hakuna lango la maji hata moja njiani. Maji ukisimama katikati yatakufika kifuani. Mwendo unaoruhusiwa usizidi maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi daladala bila kukimbia.

Nikajisemea, hapa hata mtoto anaendesha.

Yule kijana wa kukodisha akatazama miti, akaniambia leo kuna upepo, ukiona mambo magumu funga kando usubiri. Nikacheka. Nina nahodha ndani ya boti halafu niogope upepo wa kwenye mtaro?

Naendelea, ngoja nitie chai.

Mlimwengu_77

Mkuu usitukatie kama tamthilia. Nimeshaweka mkeka hapa.

Mtaa wa Saba

Yaani unalipa pesa uende kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, kwenye maji ya kifuani, kwenye baridi. Halafu mnatuambia huko maisha magumu.

Mkwe_wa_Nahodha

@Mtaa wa Saba tuligawana watu watano, acha wivu.

Tuendelee. Saa tatu na nusu tukang'oa vigingi. Baba mkwe kakaa kwenye kibao cha nyuma, kofia ya kiua kichwani, juu yake kofia ya sufu ya mjukuu, koti langu la baridi linamfika magotini. Nikamwambia, "Baba, karibu ushike kana." Akasema, "Hiki chombo chako mwanangu. Mimi abiria leo." Basi.

Mita mia za kwanza raha tupu. Halafu tukatoka kwenye kivuli cha majengo.

Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi na sisi tunakwenda huko huko, kwa hiyo nusu ya safari ni mbisho mtupu. Upepo wa mbisho si tatizo, unakupiga usoni, machozi yanakutoka, chombo kinakwenda. Tatizo ni kwamba ule mfereji haukunyooshwa. Unafuata miinuko ya mashamba, unajikunja. Kila kona ukikunja, upepo unahama toka usoni kuja ubavuni. Hapo omo, yaani mbele ya boti, inaanza kuondoka. Hakuna dhoruba wala kishindo, taratibu tu, kama mtu anakusukumia mlango wa stoo.

Napeleka kana huku, omo inakwenda kule. Napeleka zaidi, tezi, yaani nyuma, inaota pembe. Ikawa tunakwenda upande kama kaa, omo inatazama shamba la kondoo, tezi inatazama shamba la ng'ombe, na sisi katikati tunasogea mbele kwa maombi.

Halafu mbele nikaona foleni ya boti zilizoegeshwa, zimepangana ishirini kama si thelathini. Sheria ya huku, na hata kama si sheria ni adabu, ukipita boti zilizofungwa unapunguza mwendo hadi karibu na kusimama, usije ukazing'oa vigingi kwa wimbi lako. Watu wamo ndani wanakunywa chai zao. Na mimi kwa adabu zangu nikapunguza.

Ndugu zangu, nilipopunguza tu nikawa sina boti tena. Nina kontena linaloelea.

FundiDizeli

Hapo umegusa penyewe. Nisaidie wasiojua. Usukani haufanyi kazi kwa sababu umeugeuza, unafanya kazi kwa sababu maji yanaupita. Kwa hizi boti maji mengi yanayoupita ni yale yanayosukumwa na propela. Ukitoa mafuta, propela inazubaa, usukani unakuwa kipande cha bati tu. Ukiweka rivasi ndiyo kabisa, maji yanakwenda upande mwingine, chombo kinafuata kinachotaka.

Na hesabu ya upepo ni hii. Futi 40 ni mita 12. Juu ya maji tuseme mita 1.4. Hilo ni tanga la karibu mita za mraba 17 ambalo huwezi kulishusha. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga ubavuni, msukumo wake ni kama uzito wa kilo 100. Gunia la mahindi limeegemea ubavu wa boti yako, haliondoki. Upepo ukifika kilomita 50 kwa saa, magunia ni mawili, kwa sababu nguvu haiongezeki sawa na kasi, inaongezeka kwa mraba wake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ni mara nne.

Sasa chini ya maji una nini cha kuyazuia hayo magunia? Sahani bapa iliyozama sentimita 60 au 70. Mashua ya kwetu ina mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unaouma maji. Hiyo haina.

Chacha wa Ziwani

Huku Mwanza tungechukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mapema sana.

Mkwe_wa_Nahodha

@Chacha wa Ziwani upondo ulikuwepo, juu ya paa, mrefu mzuri. Shida nani aushike. Mke wangu yuko ndani na watoto. Shemeji yangu kijana ana simu mkononi anarekodi. Aliyebaki ni baba mkwe. Hebu niambieni nyinyi, unamwamuru vipi baba mkwe, "We mzee, ruka ushike upondo"? Nilifungua mdomo mara tatu, mara tatu ukatoka ukohozi.

Gunia la FundiDizeli likatusukuma mpaka ukingoni, mbele kidogo ya ile foleni. Matope. Tukapwelewa. Boti imelala kwenye matete, propela inakoroga uji.

Mzee akaamka mwenyewe, akachukua upondo kama mtu anayechukua fimbo yake mlangoni, akaenda mbele. Akachomeka, akaegemea. Omo ikatoka. Aliporudi akasema neno la kwanza tangu asubuhi: "Unamwogopa upepo kwa kumpunguzia. Mwongezee."

Nikamwambia, "Baba, sheria ya huku kwenye boti zilizofungwa tunapunguza." Akaniuliza, "Na ukimgonga mtu ubavuni, sheria inasemaje?"

Nikaongeza. Si kukimbia, kiasi tu usukani uwe na uhai. Nikapita ile foleni nikiwa nimeelekeza omo kidogo kwenye upepo, nimekaa upande wa mfereji unakotoka upepo ili nikisukumwa niwe na pa kusukumiwa. Watu wawili walichungulia madirishani. Mmoja, bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, alinyanyua kidole gumba. Walio huku wanajua; siku ya upepo hawakasiriki, wanajua ndiyo namna.

Binti Shela

Hapa Lamu tuna Mkanda, njia ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakiwa yametoka usipite, utapwelewa ukae usubiri yajae. Mashua ikisukumwa na upepo mle ndani ni hayo hayo unayosema, huna pa kubishia. Baharini mtu ana nafasi ya kukosea. Kwenye Mkanda ukikosea mara moja uko mikokoni.

Lakini nyie wa mfereji hamna hata kujaa. Mkipwelewa mnasubiri nini?

Mlimwengu_77

@Binti Shela wanasubiri baba mkwe.

Mtaa wa Saba

Hii si ndiyo ya Ever Given? Machi 2021, meli ya mita 400, upepo, Mfereji wa Suez, siku sita dunia nzima inasubiri mizigo.

FundiDizeli

Ndiyo ndugu yake, ingawa ile ya Suez ilikuwa na mambo kadhaa kwa pamoja. Moja linalofanana kabisa: chombo kikikaribia ukingo, maji kati yake na ukingo yanakimbia zaidi, shinikizo linashuka, tezi inavutwa ukingoni. Upepo unaanza kazi, ukingo unaimalizia. Mtoa mada nahisi ulivutwa pia, hukusukumwa tu.

Mpwapwa_London

Mimi naishi ndani ya boti ya namna hiyo, London, mwaka wa nne. Sina maegesho ya kudumu, kwa hiyo ndani ya siku 14 lazima nihame mahali nilipo. Siku ya 14 ikiangukia siku ya upepo ndipo utajua. Ushauri wangu kwa wanaotaka kujaribu:

Angalia kasi ya upepo wa ghafla, ule wa kupuliza kwa vipindi, si wastani. Utabiri unaweza kukupa wastani mtulivu huku ule wa vipindi ukiwa mara mbili yake. Na angalia ramani ya mahali penye uwazi. Kwenye miti na mabonde utapita ukiimba. Kwenye tuta lililoinuka juu ya mashamba, au mlango wa maegesho ambako ua wa miti umekatika, hapo unapigwa kofi.

Na madaraja. Yale ya matofali yenye mgongo. Chini yake hakuna upepo, ukitoka omo inakamatwa wakati tezi bado iko kwenye kivuli. Chombo kinazunguka kama mlango kwenye bawaba. Pita na mafuta ya kutosha, jiandae kabla hujatoka.

Mtoa mada, kugeuza uligeuzaje? Maana huko ndiko watu hulilia.

Mkwe_wa_Nahodha

@Mpwapwa_London ndiko naelekea.

Baada ya foleni mambo yakatulia. Niwape kidogo uzuri wa njia. Palipo na makutano ya Braunston kuna madaraja mawili ya chuma yamekaa pamoja kama pacha, rangi nyeusi na nyeupe. Ukishakunja kushoto hapo, ni mashamba tu, ardhi ina mawimbi mawimbi ya matuta ya kilimo cha zamani, ng'ombe wanatembea juu yake kama wako kwenye bahari iliyoganda. Mbele kabisa juu ya kilima unaona kinu cha upepo cha zamani cha Napton. Unakiona kulia. Mfereji unakunja, unakiona kushoto. Unakunja tena, kimerudi kulia. Baba mkwe akasema, "Hawa waliochimba walikuwa wamelewa." Nikamweleza kwamba hawakutaka kupasua vilima, walifuata usawa wa ardhi ili maji yasimame. Akafikiri. "Basi walikuwa wavivu wenye akili."

Kipande hicho cha kama maili 5 kati ya Braunston na Napton ni cha Mfereji wa Oxford, uliofika mji wa Oxford mwaka 1790. Kampuni nyingine ikaja kuchimba mfereji mfupi zaidi wa kwenda London, lakini ili mzigo wa kutoka Birmingham uufikie ilibidi upite kwenye zile maili tano. Wenye maili tano wakatoza ushuru wa kukomoa. Mzee aliposikia hilo ndipo akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema hiyo ni tabia ya bandari zote.

Chapati na maharage tulikula tukiwa tumefunga kando, na hapo nako upepo uling'oa kigingi kimoja. Gongeni vigingi kwa kulaza, si wima, na kamba ziende mbele na nyuma. Nisipoteze muda hapo.

Saa saba kamili tukafika pa kugeuzia, kabla ya malango ya maji ya Napton, maana yale yako tisa na sisi hatukuwa na muda wala mgongo. Pa kugeuzia ni mahali ukingo umechimbwa ukaingia ndani kama pembetatu, ili chombo kirefu kuliko upana wa mfereji kiweze kuzunguka. Wenyewe wanapaita winding hole, na wengi wa mifereji hulitamka hilo neno la kwanza kwa sauti ya wind, upepo, wakisema wazee walikuwa wakigeuza kwa kusukumwa na upepo.

Mimi nilikuwa nimefundishwa hivi: ingiza omo kwenye ile pembetatu, ikigusa udongo endelea kusukuma na kana pembeni, tezi itazunguka. Nikaingiza. Omo ikagusa. Nikatia mafuta.

Tezi ikazunguka vizuri mpaka boti ikakaa kukingama mfereji mzima. Halafu ikasimama. Upepo unanipiga ubavu wote, na upande ambao tezi ilitakiwa kwenda ndio huko upepo unakotoka. Nimetia mafuta mpaka moshi mweusi, haiendi. Nimepunguza, inarudi nyuma tulikotoka. Nyuma kuna boti mbili zinakuja, zimesimama zinanitazama, nazo zimeanza kusukumwa. Kukingama njia mbele ya watazamaji, wakuu, ni aibu ambayo haina Kiswahili chake.

Baba mkwe akaja akasimama karibu yangu. Hakupaza sauti. "Umeshika pasipo pake. Omo ndiyo nyepesi, na ndiyo umeifunga. Mshike tezi, muachie omo."

Mpwapwa_London

Mzee apewe boti yangu.

Chacha wa Ziwani

Sijaelewa bado. Ufafanuzi tafadhali.

Mkwe_wa_Nahodha

Nami sikuelewa hadi tulipofanya. Tuliondoa omo kwenye pembetatu, upepo ukaturudisha tukatazama tulikokuwa tunakwenda, yaani uso kwenye upepo. Tukaisogeza boti ukingo wa ng'ambo ya pili, upande wa njia ya miguu. Shemeji akaweka simu mfukoni, akaruka na kamba ya nyuma, akaizungusha kwenye kigingi cha chuma kilichokuwa pale. Tezi imeshikwa. Mzee akaenda mbele na upondo, akaisukuma omo mara moja tu itoke ukingoni.

Upepo ukaichukua. Omo ikapita mbele ya macho yetu taratibu, ikaingia kwenye uwazi wa ile pembetatu, ikatoka upande wa pili, ikaendelea hadi ikatazama Braunston. Mashine iko kwenye gia huru, haifanyi kazi yoyote. Labda dakika moja. Shemeji akafungua kamba, akarukia ndani.

Kwa @Chacha wa Ziwani: chombo chochote upepo unakisukuma mwisho ulio mwepesi. Kwenye hizi boti mashine, propela na usukani viko nyuma, nyuma kumezama, mbele kunaelea. Kwa hiyo amua ni mwisho upi unaoushika na upi unaouachia. Nilichofundishwa na yule kijana ni sahihi siku isiyo na upepo.

Mzee akarudi kwenye kibao chake, akaomba chai.

Binti Shela

Hivyo ndivyo mashua inavyotolewa gatini upepo ukiwa wa omo. Kamba ya nyuma ndiyo ya mwisho kufunguliwa. Baba amejua kazi.

FundiDizeli

Na kurudi? Upepo wa nyuma watu wanaudharau.

Mkwe_wa_Nahodha

Kurudi hakukuwa na shida sana. Tulifika saa kumi na nusu, salama, tukakabidhi boti. Baba mkwe kafurahi. Mwisho wa habari, asanteni.

Mlimwengu_77

Mkuu mbona umefupisha ghafla hivyo? Kwenda posti nne, kurudi mistari miwili?

Mtaa wa Saba

Hapa kuna kitu kimefukiwa.

Binti_wa_Nahodha

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ndiye mwenye baba.

Kurudi upepo ulikuwa unatusukuma toka nyuma na bwana huyu akaanza kupiga mluzi. Baba akamwambia, upepo wa nyuma unakupa mwendo lakini haukupi breki. Hakusikia. Tulipofika kwenye yale madaraja pacha aliyowasifia, alikunja kulia kwa mwendo ule ule. Upepo ukahama, ukaja ubavuni. Mbele kuna boti inatoka. Akaogopa, akaweka rivasi. Hayo ya rivasi FundiDizeli ameshawaeleza.

Tukaenda upande, mpaka kwenye boti zilizofungwa, tukalala ubavu kwa ubavu na boti ya kijani. Haikuvunjika kitu, ni chuma kwa chuma, ila sauti yake ilisikika kijiji kizima. Ndani kikapasuka kikombe. Akatoka bibi mwenye nywele nyeupe, yule yule wa kidole gumba cha asubuhi, kashika mkono wa kikombe peke yake.

Mume wangu alisema samahani mara kumi na moja, mwanangu alihesabu. Bibi akasema si kitu, siku kama hizi kila mtu anagonga, akauliza yule mzee aliyeshika upondo asubuhi ni nani. Nikamwambia ni baba yangu. Akamkaribisha ndani. Walikaa karibu nusu saa, Kiingereza cha baba mnakijua, wanaonyeshana mafundo ya kamba mezani huku sisi nje tunaishikilia boti kwa mikono isiondoke.

Kikombe tumeshanunua kingine, tunakipeleka Jumapili. Baba ndiye aliyekichagua.

Mkwe_wa_Nahodha

Nimesoma.

Mpwapwa_London

Jumapili mnakwenda kwa gari au kwa boti?

Binti_wa_Nahodha

Kwa gari. Ila baba kauliza utabiri wa upepo.